Kabla hujanunua kifaa: jinsi ya kupima mtaa wenu mpaka mpango wa mji ubadilike

Watu wengi wakisikia sayansi ya wananchi swali la kwanza huwa ni "tununue kifaa gani?" na hapo ndo mambo yanapoanza kwenda kombo. Kifaa kinakuja mbele huko. Cha kwanza kabisa ni kujua nani ameshika kalamu, yaani nani anasaini huo uamuzi mnaotaka ubadilike, na anasaini lini. Nilishawahi kuona kundi limepima kelele za barabara wiki nne mfululizo, usiku na mchana, fomu zimejaa, grafu safi, wanafika ofisini wanaambiwa muda wa kutoa maoni ulifungwa mwezi uliopita. Data hazikuwa na kosa lolote. Zilichelewa tu, basi.

Nikisema sayansi ya wananchi namaanisha watu wa kawaida wanakusanya taarifa kwa utaratibu mmoja ambao wote wameukubali, ili kujibu swali. Hilo neno utaratibu ndo linaitenganisha na malalamiko. Na sio kwamba malalamiko hayana kazi, kuna FixMyStreet iliyoanza Uingereza mwaka 2007, unaripoti shimo au taa iliyokufa na ripoti inapelekwa kwenye halmashauri inayohusika, kwa kuziba shimo inafaa sana. Ila shimo moja haliandiki sera. Ukitaka sera inabidi uonyeshe mashimo yako wapi, mangapi, yanarudi baada ya muda gani tangu yazibwe, na kwa nini ule upande mwingine wa mji hayarudi.

Andikeni sentensi moja kwanza

Kaeni chini muandike: nani, aamue nini, kabla ya lini. "Tunataka mtaa salama" haifai, hiyo ni dua. "Tunataka idara ya barabara iweke kivuko mbele ya shule kwenye bajeti ya mwaka ujao, kabla rasimu haijapitishwa" hiyo sasa inafanyiwa kazi, manake ina mtu, ina kitu na ina tarehe. Mkishindwa kuijaza hiyo sentensi msianze kupima bado, tumieni wiki mbili tatu kuulizia ratiba. Kazi ya kuulizia inachosha na haina picha za kupost ila ndo inayoamua kama mtasikilizwa.

Alafu jueni kila mlango una ushahidi wake. Mlango wa bajeti unataka kipaumbele, yaani kati ya sehemu kumi tuanze na ipi na kwa nini. Mpango kabambe wa mji unataka picha ya eneo zima: nani anaishi wapi, maji yanapita wapi, watu wanatembea kwenda wapi. Kesi ya kanuni kuvunjwa, mfano kiwanda kinachotoa moshi, inataka kipimo kilichozidi kiwango, na tarehe na saa yake. Tathmini ya athari kwa mazingira ya mradi mpya inataka hali ilivyokuwa kabla mradi haujaanza, kwa hiyo ukisubiri matrekta yafike umeshakosa kitu ambacho hakirudi tena.

Na hapa kuna swali moja ambalo mimi nalipenda kuliko mengine yote. Mtafuteni afisa wa ngazi ya chini anayeshughulika na hilo jambo, sio mkubwa, yule anayekaa na faili, mumuulize: ungehitaji kuona nini ili uamini? Utashangaa. Mara nyingi huyo mtu anazitamani hizo data kuliko nyie ila hana watu wa kutuma, na atawaambia mpaka aina ya jedwali analotumia. Mkimletea kitu kinachoingia moja kwa moja kwenye jedwali lake mmemrahisishia kazi, mkimletea rundo la picha kwenye simu mmemwongezea.

Swali liwe linaweza kuwakataa

Kama jibu lolote litakalotoka mtalitafsiri kwamba mmeshinda, hilo sio swali. Swali zuri lina uwezekano wa kuwaumbua. "Je, magari yanazidi mwendo uliowekwa kwenye barabara hii asubuhi watoto wanapoenda shule?" Inawezekana kabisa mkapima mkakuta hayazidi, shida ni kwamba yanapaki juu ya njia ya waenda kwa miguu watoto wanashuka barabarani. Sasa hapo mmejifunza kitu, na mmeokoka kudai matuta ambayo yasingesaidia chochote.

Kama mnapima hewa au kelele, tafuteni kiwango cha kulinganisha kabla ya kuanza. Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2021 lilitoa mwongozo wa vumbi laini, lile linaloitwa PM2.5, kwamba wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo na wastani wa saa 24 usizidi 15. Mtego uko kwenye neno wastani. Watu wanapima jioni moja foleni imesimama, wanapata 40, wanaandika "mara nane ya kiwango!" kwa kulinganisha na kile cha mwaka. Mtaalam yeyote akiona hivyo anafunga faili na hamtamlaumu. Lisaa limoja halilinganishwi na mwaka. Pia jueni mwongozo wa WHO ni ushauri tu, wenye meno ni sheria ya nchi yenu, kwa hiyo wekeni vyote viwili ila ile ya nchi iwe juu.

Sasa njoo kwenye vifaa

Vingine hata sio vifaa. Karatasi, kalamu na saa vinahesabu magari, baiskeli, waenda kwa miguu na watu wa viti vya magurudumu vizuri tu. Dakika 15 kila lisaa, sehemu ileile, siku za kazi na wikendi muandike tofauti, hali ya hewa muandike, watu wawili wahesabu kitu kimoja bila kuangaliana karatasi halafu mlinganishe. Kama mmoja ana 112 na mwingine 87 msigawane katikati mkaendelea, simameni muulizane nani alihesabu pikipiki kama gari.

Ramani nayo inabadilisha mengi, na nadhani ndo aina ya sayansi ya wananchi iliyoingia ndani kabisa ya mipango miji. OpenStreetMap ipo tangu 2004, mtu yeyote anaweza kuichora na yeyote anaweza kuitumia. Kibera, Nairobi, mpaka 2009 kwenye ramani za mtandaoni ilikuwa kama pengo tupu, vijana wa hapohapo ndo walioanza kuchora vichochoro, mabomba ya maji, zahanati, shule, vyoo. Dar es Salaam mradi wa Ramani Huria ulianza 2015, wanafunzi wa vyuo pamoja na wakazi wakachora mitaa na mifereji ya maeneo yanayofurika, kwa sababu huwezi kupanga maji yatoke wapi kama hujui mfereji umeanzia wapi na umezibwa na nini. Na Mukuru, Nairobi tena, wakazi walijihesabu wenyewe, nyumba, vyoo, bei wanazotozwa, na mwaka 2017 kaunti ikatangaza eneo lile kuwa la mipango maalum. Hapo takwimu za wakazi zikawa sehemu ya kazi rasmi ya kupanga, hazikuishia kwenye ripoti ya kabatini.

Ukichora, angalizo moja: usinakili kutoka ramani ya kampuni nyingine ukaweka OpenStreetMap, hiyo ni wizi wa haki miliki na itafutwa yote. Na usiamini sana GPS ya simu. Mahali pa wazi inakosea mita tano hivi, katikati ya majengo marefu inakosea zaidi, kwa hiyo mfereji unaweza ukaonekana unapita sebuleni kwa mtu. Sahihisheni kwa kulinganisha na picha ya satelaiti.

Vifaa vidogo vya kupima hewa. Hivi vinahesabu chembe kwa mwanga, na unyevu ukipanda chembe zinanyonya maji zinavimba kifaa kinadhani hewa ni chafu kuliko ilivyo. Asubuhi ya ukungu utapata namba za kutisha ambazo nusu yake ni maji. Ndo maana shirika la mazingira la serikali ya Marekani lilitengeneza hesabu ya kurekebisha namba za vifaa vya PurpleAir ambayo ndani yake unyevu upo. Dawa ni ileile siku zote: kabla hamjavisambaza viwekeni vyote sehemu moja wiki nzima muone vinasema lugha moja, kisha chukueni kimoja au viwili mviweke pembeni ya kituo rasmi kama kipo, kwa muda, mjue vyenu vinazidisha au vinapunguza kiasi gani.

Waliofanya hili vizuri ni Wabelgiji. Mwaka 2018 huko Flanders watu 20,000 walitundika mirija midogo nje ya madirisha yanayotazama barabara kupima naitrojeni dayoksaidi, gesi ya moshi wa magari, mwezi mzima. Kulikuwa na chuo kikuu cha Antwerp, gazeti, na wakala wa mazingira wa serikali yenyewe, na mirija kama hiyo iliwekwa pia kwenye vituo rasmi ili kulinganisha. Mrija hauna betri wala skrini, ni kitu cha kizamani kabisa. Lakini kwa kuwa vilikuwa vingi hivyo, vikaonyesha kitu ambacho vituo vichache vya serikali havikuweza kuonyesha: barabara nyembamba yenye majengo pande zote mbili na foleni inakamata moshi, hata kwenye kijiji, huku mtaa wa pili tu hewa ni nafuu. Nguvu ya wananchi iko hapo, kwenye wingi na ukaribu. Kwa usahihi wa kipimo kimoja kimoja msishindane na maabara, mtashindwa.

Kelele: simu inatosha kuanzia ila simu mbili tofauti zinaweza kutofautiana desibeli kadhaa, kwa hiyo linganisheni kwanza au tumieni simu ileile kila siku. Na jamani, desibeli hazijumlishwi kama vitunguu. Ukiwa na 60 kwa dakika moja na 80 kwa dakika nyingine wastani sio 70, ni kama 77, kwa sababu kipimo chenyewe kinaenda kwa kuzidisha. Hili kosa peke yake limeshaharibu ripoti nyingi nilizosoma.

Utaratibu ndo kila kitu, angalieni Flint

Kama kuna mfano mmoja wa kuukariri ni huu. Mji wa Flint, Michigan, Marekani, Aprili 2014 ulibadilisha chanzo cha maji ukaanza kutumia mto wa Flint, na dawa ya kuzuia mabomba yasiliwe haikuwekwa. Wakazi wakaanza kulalamika rangi, harufu, vipele. Maofisa wakasema maji ni salama, vipimo tunavyo. Na kweli vipimo walikuwa navyo! Shida ilikuwa jinsi vilivyochukuliwa: maelekezo yao yaliwaambia watu wafungulie maji kidogo usiku wa kuamkia kipimo, na ukifanya hivyo unasukuma nje yale maji yaliyolala na risasi ya bomba (ile metali yenye sumu, lead kwa Kiingereza), asubuhi unapima maji yaliyotulia muda mfupi. Juu ya hapo kwenye sampuli 71 za mwaka 2015 mbili zenye risasi nyingi ziliondolewa kwenye hesabu na mji ukashuka chini ya kiwango cha kuchukua hatua, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu 15 kwa bilioni.

Wakazi, akiwemo LeeAnne Walters ambaye maji ya nyumbani kwake ndo yalianza kuleta maswali, waliungana na timu ya Marc Edwards wa chuo cha Virginia Tech. Vifurushi 300 vya chupa vikagawiwa, zaidi ya 250 vikarudi, ambayo kwa kazi ya kujitolea ni kiwango cha ajabu. Kila nyumba chupa tatu: ya kwanza maji ya mwanzo kabisa baada ya bomba kulala saa sita au zaidi, ya pili baada ya sekunde 45, ya tatu baada ya dakika mbili. Ona hiyo akili. Chupa tatu zinakwambia risasi inatoka kwenye bomba la ndani au mbali zaidi, na hakuna mtu anaweza kusema mmechagua maji mabaya tu. Septemba 2015 matokeo yakawa wazi, mwezi huohuo daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha akaonyesha risasi imepanda kwenye damu za watoto, na Oktoba mji ukarudishiwa maji ya Detroit.

Sasa chukueni hilo mrudi nalo kwenu. Andikeni maelekezo ya ukurasa mmoja, lugha ya kawaida, na mchoro. Lini, wapi, urefu gani kutoka chini, nini usifanye. Mpeni mtu ambaye hajawahi kuhudhuria kikao chenu ayafuate peke yake mkiwa mmekaa kimya mnamwangalia tu, pale atakapokwama ndo pa kurekebisha. Fanyeni jaribio dogo la siku tatu kabla ya lile kubwa. Na sampuli isiyopendeza msiifute, hata ile inayowaumbua. Kama mna sababu ya kuiondoa, sababu hiyo iwe imeandikwa kabla hamjaona namba. Mkifuta mbili kimyakimya mmekuwa kama wale mnaowalaumu.

Nani hayupo kwenye data zenu?

Boston walikuwa na programu ya simu inaitwa Street Bump, 2012, gari likipita kwenye shimo simu inahisi mtikisiko inaripoti yenyewe. Wazo tamu sana. Ila ikaonekana haraka kwamba wenye simu janja na magari ndo wanaoripoti, kwa hiyo ukifuata data peke yake unaziba mashimo ya wenye uwezo na wazee na maskini wanaonekana hawana shimo hata moja. Data za wananchi zina huo ugonjwa karibu siku zote. Wanaojitolea ni wenye muda, wenye bando, wenye kujiamini kuongea na ofisi.

Kwa hiyo chapisheni ramani ya eneo, wekeni alama pale mlipopima, alafu mtazame sehemu tupu. Sehemu tupu haimaanishi hakuna shida. Nendeni huko kwa miguu na karatasi, wakati mwingine mama anayeuza kona ile kwa miaka kumi anajua maji yalifika wapi kwenye mafuriko yaliyopita, atakuonyesha kwa mkono ukutani, mchukue utepe upime kutoka chini mpaka hapo. Hicho ni kipimo halali kabisa, ila andikeni kwamba kimetoka kwenye kumbukumbu ya mtu.

Na faragha jamani. Picha ya simu inabeba mahali na saa ilipopigwa ndani yake hata kama huioni. Sura za watu, namba za magari, mlango wa mtu anayeiba maji kwa sababu hana jinsi, hivyo vitu vikiingia kwenye ramani ya wazi vinaweza kumletea mtu bomoabomoa. Makazi yasiyo rasmi hasa, wakazi waamue wenyewe nini kiwe wazi na nini kibaki kwao, na waamue kabla ya kukusanya. Telraam, kile kifaa cha Ubelgiji cha kuhesabu magari kutoka dirishani, kina kamera lakini hesabu inafanyika ndani ya kifaa na picha hazihifadhiwi, mkiwa na uchaguzi chagueni vitu vya namna hiyo.

Kupeleka

Ukurasa mmoja. Ramani moja. Sentensi ile ya mwanzo juu kabisa, namba tatu chini yake, na pendekezo. Njia mliyotumia na data zote ghafi ziwe kwenye kiambatisho ambacho yeyote anaweza kufungua aangalie, maana ukificha data ghafi umempa mpinzani wako kazi rahisi sana. Udhaifu wenu useme mwenyewe kabla hujaulizwa: hatukupima usiku, kifaa namba nne kilikufa wiki ya pili. Ajabu ni kwamba hilo linawaongezea heshima.

Pelekeni kwa maandishi na mpate muhuri wa kupokelewa au namba ya kumbukumbu, msiishie kuongea kwenye mkutano. Yule afisa wa faili mpeni nakala kabla ya mkubwa wake asije akashtukizwa mbele ya watu. Waandishi wa habari waiteni baadaye, sio siku ya kwanza, ukianza nao ofisi inajikunja inajitetea na mtatumia mwaka mzima kubishana kuhusu vifaa vyenu badala ya moshi. Ila ikipita tarehe waliyowaahidi na hakuna jibu basi waiteni tu, na muwe na barua zote mkononi.

Mkikubaliwa, msirudishe vifaa kabatini. Kivuko kikishachorwa au barabara ikifungwa kwa magari makubwa rudini sehemu ileile, saa zilezile, fomu ileile, mpime tena. Na mpime na mtaa wa pili pia, hata kama hakuna mwenzenu anayeishi huko. Mara nyingi malori yamehamia tu kule, na watu wa kule hawana kundi wala fomu, kwa hiyo nyie ndo mnaotakiwa kuiandika hiyo namba kwenye ripoti.